Ng'ambo Yangu Inashinda Yako

Kamembe, tarehe 3 Machi 2024

Maman Néhémie, bamwana wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, hata kama jana ulinikatia simu. Usiseme ni mtandao. Hapa kwangu, kwenye kichwa cha kitanda napata mtandao wa Congo, na kwenye mulango napata wa Rwanda, na jana nilikuwa nimesimama katikati, yote miwili imejaa. Ulikata wewe. Basi nimeamua: kuanzia leo tunaandikiana. Karatasi haikatwi muntu akiwa katikati ya neno. Honorine anapita hapa kila asubuhi na kapo yake ya nyanya, anavuka kuja kuuza kwenu Bukavu, jioni anarudi. Atatubebea. Nilimaliza la sita kwa masista, hapo hapo kwenu, na huu ni mwaka wa kumi na nne mimi ni mwandishi wa kwaya, kwa hiyo mwandiko wangu hautakusumbua.

Neno langu ni moja. Jolie ni binti yangu wa pekee, na mimba imeingia mwezi wa nane. Aje ajifungulie hapa. Na akishajifungua abaki hapa, yeye na Néhémie wako na mutoto.

Usikasirike, sikiliza kwanza. Hapa maji yanatoka kwenye robine ndani ya kiwanja changu. Ndani ya kiwanja, Maman Marguerite! Sisemi kisima, sisemi kwa jirani. Taa za barabara zinawaka zote mpaka chini kwenye kona, na mwanamke anatembea na mukoba wake begani bila kuukumbatia kama mutoto mugonjwa. Nikiumwa naonyesha mituweli yangu, ile kadi ya bima, napimwa, narudi nyumbani. Takataka zina siku yao ya kuchukuliwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote kusafisha mitaro, na upande wa bamama naongoza mimi, unaweza kuuliza.

Chumba chao kiko tayari. Nimekipaka kijani, ile kijani ya chai ya Shagasha mvua ikishapita. Pazia nimeshona mwenyewe.

Tulipoozesha batoto betu tulianza kuitana bamwana, na neno hilo kwetu si la kuchezea: damu yako na damu yangu zinachanganyika katika muntu mumoja. Basi huyo muntu mumoja akae mahali pazuri.

Nimekutumia maziwa ya kuganda. Ng'ombe aliyeyatoa ninamujua kwa jina.

Mimi Vénantie Uwimbabazi, mama Jolie


Bukavu, tarehe 6 Machi

Maman Jolie,

Karatasi imefika. Miwani yangu ilivunjika, basi Honorine aliisoma kwa sauti hapa mulangoni, na bajirani wote balisikia; na haya ni yeye anayaandika nikisema. Kama ulitaka iwe siri, pole. Maziwa tumekunywa. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo neno tamu la mwisho utapata kwangu leo.

Robine, robine. Mutoto ananyonya robine?

Mimi nilikuja kwenu siku ya harusi. Nilipita mitaa mitatu sikusikia muntu anacheka kwa nguvu. Hata kuku wenu banawika kwa adabu. Hapa kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, mutaa wote unajua kabla ya mume wake. Bamama banaingia bila kubisha, huyu na sombe ya majani ya muhogo, huyu na makala ya kuwasha moto, mwingine na mudomo wake tu, na huo pia unasaidia. Mutoto anaoshwa na mikono kumi. Bukavu muntu anavaa kikwembe kipya kwenda kununua chumvi! Redio inalia, kanisa inalia, mulevi anapita anaimba, tunaishi. Mujukuu wangu akizaliwa katika ule ukimya wenu atafika miaka mitatu bila kusema.

Na tena sikiliza vizuri. Néhémie ni mwanaume. Anachomelea chuma, anatengeneza milango na madirisha, nusu ya mutaa huu inafungua na kufunga kwa mikono yake. Mwanaume kama huyo haamki asubuhi kwa mama wa muke wake na kuuliza sabuni iko wapi. Wewe mbele yake utamuita mukwe. Nyuma yake, kwenye kwaya yako, utamuita nani?

Jolie yuko muzima. Anakula. Miguu imevimba kidogo tu, ngazi zetu anazipanda.

Nakurudishia chupa yako na sombe ndani ya sufuria ndogo. Hiyo sufuria nitaitaka.

Marguerite Mukengere


Kamembe, tarehe 10 Machi

Bamwana,

Sombe nimekula. Chumvi ilizidi.

Usinifundishe Bukavu. Mimi nilizaliwa Bukavu, nikabatizwa Bukavu, nikaolewa Bukavu, na baba yake Jolie amelala katika udongo wa Bukavu. Nilirudi Rwanda na mutoto mugongoni na magodoro mawili. Hapa hakuna aliyenijua. Hii nyumba niliijenga tofali kwa tofali, mimi mwanamke, kwa kuuza maharage. Basi ninaposema hapa ni pazuri, sisemi kama mutalii. Ninasema kama muntu aliyekaa ng'ambo zote mbili na anayejua kila moja inavyoamka asubuhi.

Unasema kelele ndiyo maisha. Sawa. Umeme wenu uko wapi? Wiki iliyopita ulizima tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, usikatae, nimeona. Mwanao anachomelea na nini? Na mate? Mashine yake inakaa pale kama mugeni aliyekuja kuposa akanyimwa jibu. Mvua ikinyesha, barabara yenu inakuja kuwasalimu mpaka ndani ya nyumba. Na lile shuka lako la maua ya njano liko kwenye kamba tangu Jumanne, limelowa mara tatu, hakuna aliyelitoa. Mikono yako kumi ilikuwa wapi?

Sasa tuache kucheza. Miguu imevimba kidogo, maana yake nini? Kidogo ya kiatu kubana, au kidogo ya kiatu kukataa kabisa? Muulize kama kichwa kinamuuma. Muulize kama anaona vitu vinametameta mbele ya macho. Dada yangu mukubwa alianza hivyo na ndani ya nyumba walisema ni joto. Muulize leo, usingoje kesho.

Jumamosi nakuja mwenyewe kumuchukua. Nimesema.

Vénantie


Bukavu, tarehe 13 Machi

Maman Jolie,

Nani amekuambia habari ya shuka yangu? Honorine ameapa si yeye.

Kuja hiyo Jumamosi. Utanikuta mulangoni na mwiko mukononi. Binti aliolewa, mahari mulikula, nyumba yake ni hapa.

Umeme ulirudi. Ulirudi na ukaondoka, lakini ulirudi.

Ju ya kichwa sijamuuliza, amelala.

Marguerite


Bukavu, nyumbani kwako, Jumamosi tarehe 16 Machi

Bamwana,

Mwiko nimeukuta. Wewe sikukukuta.

Nilivuka saa mbili asubuhi kwa Rusizi ya pili, lile daraja la mpaka magari yanakopita, kwa sababu nilikuwa na muzigo. Nimepanda ngazi zako zote nikiwa nimeshapanga maneno yangu, hata yale ya kukuaibisha mbele ya bajirani. Nafika, Néhémie yuko peke yake kwenye kizingiti, macho mekundu. Anasema: «Maman alitoka alfajiri na Jolie kwa pikipiki, bamepita Rusizi ya kwanza. Bamekwenda kwenu.» Mimi napita huku, nyinyi munapita kule!

Anasema tangu Jumatano kichwa kinamupasuka na anaona nyota mchana. Jumatano, Maman Marguerite. Ndiyo siku uliyoniandikia kwamba amelala.

Nikageuka kurudi mbio. Saa sita nafika kwenye daraja, bariyeri imefungwa. Ni ugonjwa wa kuhara umezuka, banasema ni siku chache tu mpaka bapange namna ya kupima bantu. Nimelia, nimeonyesha jeton yangu ya kuvukia, nimetaja jina la pasta. Afande amenisikiliza vizuri sana na hakuinua mti. Honorine naye amefungiwa huku pamoja nami, amekalia kapo yake tupu na kuniambia nipumue.

Nimerudi kwako. Ninaandika kwenye meza yako na Honorine atapiga picha karatasi hii aitume kwenye simu ya Jolie. Usinipigie. Ukisikia sauti yangu sasa hivi utafikiri nimeshindwa. Andika. Niambie mwanangu yuko wapi, na amelala upande gani, na kama ameshika Biblia yangu ndogo ile ya jalada bovu.

Vénantie


Kamembe, nyumbani kwako, Jumatatu tarehe 18 Machi

Maman Jolie,

Naandika kwa miwani ya Jolie, usicheke herufi.

Yuko hospitali, kitanda cha karibu na dirisha, amelala upande wa kushoto kama bameagiza. Banamupima presha mara tatu kwa siku, mara ya kwanza mashine ilipiga kelele na muuguzi akaenda mbio. Sasa imeshuka kidogo. Bameniambia ningengoja siku mbili ingekuwa habari ingine. Nimekuambia, sasa usinirudishie. Biblia ameishika.

Usifikiri nilikuja huku ju umenishinda. Nilikuja kukuonyesha kwamba sikuogopi.

Hospitali yenu ni safi. Muuguzi kijana amenigombeza mbele ya bantu ju nilikalia kitanda cha mugonjwa. Mimi! Mwenye wajukuu wa ndugu kumi na sita! Nikasimama. Nimesimama tangu Jumamosi.

Nyumbani kwako nimeingia na ufunguo wa chini ya chungu, Jolie ameniambia. Asubuhi ya kwanza nimeamka kabla ya jua, nikachukua bidoni mbili, nikafungua mulango kwenda kutafuta maji kama siku zote tangu nimeolewa. Nikatembea hatua nne. Ile robine iko pale, inanitazama. Nimefungua, maji yakaja. Nimefunga. Nimefungua tena. Bidoni zimejaa kabla sijamaliza kusema Baba Yetu. Nikakaa chini nikalia, bamwana. Kwa hasira! Usiweke neno ingine hapo. Miaka thelathini na mbili ya kupanda ngazi na maji kichwani, na kumbe ilikuwa ni kugeuza kidude tu.

Ukimya wako unanikata masikio. Jirani yako amenisalimu juu ya ua, akaingia kwake, akafunga. Nimekula peke yangu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu nakula na sauti ya kijiko changu.

Sasa swali langu. Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa upande wa bonde, iko alama nyekundu kubwa. Na chini ya kitambaa cha meza iko karatasi yenye muhuri. Kinyarwanda sisomi vizuri, lakini tarehe nasoma. Mwisho wa Machi.

Chumba cha kijani umekipaka cha nini?

Marguerite


Bukavu, tarehe 19 Machi

Bamwana,

Mungu akubariki kwa presha iliyoshuka. Akubariki mara mbili kwa pikipiki ile. Sitasema tena.

Sasa alama. Ndiyo. Balikuja Januari, bantu batatu ba serikali, bakapima muteremko, bakaniambia kwa heshima kwamba udongo wa hapa unatembea na kwamba mvua kubwa ikija naweza kuamka nikiwa mtoni. Banataka nihamie Rwimbogo, kule kwenye tambarare, kiwanja kipo. Wote banasema ni pazuri. Pazuri ya nani? Ile nyumba niliijenga na mikono hii. Nilipaka chumba kijani kwa sababu nilisema: nyumba yenye mutoto muchanga ndani yake, atakuja nani kuitoa? Ujinga, najua. Ungefanya vilevile. Jolie asijue.

Na wewe sasa, usijifanye hujui ninachotaka kukuuliza.

Leo nilikuwa natafuta ufagio, kwa sababu nyumba yako inahitaji. Nyuma ya mulango wa chumba nimekuta mizigo miwili imefungwa kwa kamba. Nimefungua mumoja, ndiyo, nimefungua. Nguo za Néhémie zimekunjwa. Vitambaa vya mutoto kumi na viwili, vimepigwa pasi. Kinyonga kidogo cha mbao, kichezeo cha Néhémie alipokuwa mudogo, nimemuuliza. Na mashine yake ya kuchomelea imefungwa kwenye gunia, imeandikwa kwa makaa: KAMEMBE.

Nikamuuliza: «Ni wewe umefunga?» Akasema: «Ni Maman. Tangu Februari. Ameniambia nende kule kwenye umeme, lakini nisikuambie wewe mpaka akubali mwenyewe kwa kinywa chake, ju utajisifu mpaka Pasaka.»

Tangu Februari! Barua zako zote ulizonitukana, robine sijui nini, kuku wa adabu, mizigo ilikuwa tayari nyuma ya mulango!

Ngoja nikuelezee nyumba yako, maana umenielezea yangu. Ngazi zako ziko mia moja na arobaini, na bidoni moja ya maji inakuwa mbili ikifika juu. Leo umeme umekuja dakika ishirini, tukapiga makofi. Na sijakaa peke yangu hata mara moja tangu Jumamosi. Ninaoga, muntu anabisha mulango wa bafu kuuliza Jolie anaendeleaje. Maman Charlotte wa juu ameniletea bugali. Maman Harelimana wa chini ameniletea bugali. Sijui jina la yule wa tatu, lakini ameleta bugali na samaki na akakaa mpaka nikamaliza. Jana bamama saba bameomba hapa kwa sauti mpaka sahani zikatikisika, kwa ajili ya mwanangu, na hakuna hata mumoja ninayemudai kitu. Nimesahau mara ya mwisho kwangu mulango kubishwa na muntu asiyekuwa na karatasi.

Nimekasirika sana. Sitaki kupenda hapa tena. Nilishamaliza.

Vénantie


Hospitali, Kamembe, tarehe 21 Machi

Bamaman wangu wawili,

Ninaandika karatasi moja, inawatosha wote. Honorine atamuonyesha Maman Vénantie kwenye simu, na mama mukwe yuko hapa pembeni, anajifanya amesinzia.

Jana asubuhi presha ilipanda tena na wakanipasua. Ni musichana, kilo mbili na nusu, analia kama muntu wa Bukavu, kwa hiyo ile habari ya kuzaliwa bubu imekwisha. Mimi ni muzima. Kidonda kinauma nikicheka, basi tafadhali acheni.

Sasa munisikilize. Wiki tatu munanipimia nchi mbili kama bamama wanaochagua ndizi. Huku maji, kule bantu. Huku taa, kule nyimbo. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza. Mimi na Néhémie tulishaamua tangu Krismasi. Tunapanga nyumba hapa Kamembe, sehemu ya tambarare, karibu na stendi, kwa sababu chuma hakichomelewi na maombi. Tulinyamaza kwa sababu kila mumoja wenu alikuwa na sura ya kuachwa.

Maman, alama ya ukutani naijua tangu wiki ile ile ilipopigwa. Unadhani nani humutuma Honorine aangalie kila asubuhi kama ukuta bado umesimama? Hutalala pale mvua za Aprili. Sikuombi.

Mama mukwe, najua wewe ulifunga mizigo. Vitambaa kumi na viwili havijipigi pasi.

Hiyo nyumba ina vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha mashine na vyuma. Cha tatu kina nafasi ya vitanda viwili. Néhémie atavitengeneza, vya chuma, havitavunjika hata mukigombana. Anayekubali akubali, anayekataa atakuwa anamuona mutoto kwenye picha.

Jina tutalitangaza siku ya nane. Tumelichagua wenyewe. Si Vénantie wala si Marguerite.

Jolie wenu


Kamembe, tarehe 22 Machi

Maman Jolie,

Umeona binti yako alivyoniandika? Mimi sikusinzia, nilikuwa naomba.

Mutoto ana masikio yako. Nimemutafuta masikio ya kwetu, hayako. Nimekubali, ni masikio mazuri.

Jana mwenye karatasi alikuja kwako kuuliza kama umeanza kufunga vitu. Nimemupa kiti, nimemupa chai. Nikamuambia: huyu mama hahami mpaka ashike mujukuu wake mukononi, na hahami kwenda Rwimbogo, anahamia kwa binti yake, na atahama kwa miguu yake na si kwa kusukumwa. Akaniuliza: «Mama, wewe ni nani hapa?» Nikasema: mimi ni bamwana wake. Akacheka, akamaliza chai, akaandika wiki mbili zingine. Wiki mbili, bamwana. Nimekuombea wiki mbili mimi, muntu wa Bukavu, kwa Kiswahili.

Mimi kitanda hicho nakubali ju ya miezi mitatu ya kuosha mutoto. Andika vizuri hapo, miezi mitatu. Nyumba yangu siuzi, na kila Jumamosi nitavuka kwenda kusalimia bantu banaoongea. Nitakuja na mbabula yangu ya makala, ju chakula cha jiko lako la umeme hakina harufu.

Sasa neno la mwisho, nilitaka kulinyamazia lakini limekataa.

Leo mvua ilipokatika nimetoka nyuma, nimeketi kwenye kiti chako. Kile cha kamba, kilicho chini ya paa ndogo, ambacho miguu yake imechimba udongo ju hakijasogezwa miaka mingi. Nilifikiri unakaa pale kuangalia shamba lako la maharage. Nimeketi, nimeinua macho. Kiti hakitazami shamba. Hakitazami barabara yako ya taa. Kinatazama kwetu, bamwana. Moja kwa moja, ng'ambo ya muto, mulango wangu, paa yangu ya buluu, kamba yangu ya nguo. Na juu kidogo, upande wa kuume, miti ya makaburi anakolala mume wako.

Hiyo ndiyo Rwanda yako uliyokuwa unajisifia? Ile nyumba ulikataa kuihama ju ya robine?

Na nimekuona. Ulikuwa unaanika shuka langu la maua ya njano. Umelianika vibaya, upande umegusa matope.

Marguerite


Bukavu, Jumamosi tarehe 23 Machi

Bamwana,

Shuka lilikuwa chafu kabla sijaligusa.

Bariyeri inafunguliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi, Honorine ameshapanga kapo yake na mimi nimeshavaa kwa mawazo. Navuka na Néhémie, na mizigo miwili, na mashine kwenye gunia. Bajirani zako wote banatusindikiza mpaka kwenye daraja, nimebakataza, ni kama kukataza mvua. Maman Charlotte ameandika majina ya bamama bote wanaotuma salamu kwa mutoto, karatasi mbili, na usinisomeshe zote siku moja.

Kuhusu kiti. Kila asubuhi nilikaa pale na kusema: tazama, wamezimiwa umeme tena. Tazama, mvua imewakuta na nguo nje. Nilijiambia ninahesabu kasoro zenu. Miaka ishirini na saba. Muntu hahesabu kasoro za mahali asipopapenda, anaangalia mara moja na kwenda zake. Basi, umelipata jibu. Lifungie mahali, usilitoe mbele ya kwaya.

Lakini usidhani umenishinda! Rwanda ndiyo imemuokoa mwanangu, na wewe ndiye uliyemupeleka, kwa hiyo tumeshinda, mimi na Rwanda. Robine ni robine. Mitaro yetu ni misafi. Nyumba yangu nitatoka mwenyewe, Jumatatu, nimeinua kichwa, nimevaa kikwembe kipya, na ule ukuta wenye alama nitaupiga teke kabla haujanipiga. Na kitanda cha karibu na dirisha ni changu, kwa sababu wewe una miezi mitatu tu, umesema mwenyewe, nimeliweka kwenye maandishi. Tutaona Juni.

Kiti changu usikiache. Kibebe, hata kama Jolie amesema nyumba ile iko nyuma ya stendi na haioni maji. Najua haioni Bukavu. Si kitu. Nitakigeuza kitazame kitanda cha pili, maana Bukavu yenyewe itakuwa pale, inakoroma.

Muambie mutoto bibi yake anakuja na masikio yake.

Mimi Vénantie Uwimbabazi, bamwana wako